Kitu Kisicho na Sharji

Mume wangu alikamatwa kwa sababu ya kitu kidogo kuliko karibu vitu vyote vilivyoumbwa, na jambo hilo sijalisamehe mpaka leo. Wanawake wengine wa Butembo waume zao walikamatwa kwa ajili ya dhahabu, au kwa ajili ya shemeji aliyeingia msituni na bunduki. Hizo ni sababu za heshima; unaweza kuzisimulia sokoni ukapewa pole na kiti. Mimi nikiulizwa, "Mama, bwana yako balimukamatia nini?" nilijibu, "Neutrino," na mtu alirudi nyuma kidogo, kana kwamba nimetaja ugonjwa wa kuambukiza.

Alikuwa mwalimu wa fizikia kwenye shule ya mapadri: mtu mwema, mrefu, asiyejua bei ya chumvi. Mimi nilikuwa mwanamke wa maharage. Nilinunua Musienene siku ya soko, nikauza Butembo, na bei ikinona nilipanda juu ya lori na magunia yangu nikateremka nayo Beni, kwenye joto. Miaka ile serikali yetu ilikuwa ya waasi, na wakubwa wao walikaa Beni. Nasema serikali kwa adabu tu. Sikuona imejenga shule wala zahanati. Ilichojenga ni barieri: mti uliolazwa katikati ya barabara, kamba ya kuuinulia, kibanda cha majani, na askari wawili wenye macho mekundu.

Swali la barieri lilikuwa moja, kwa kila mtu, kutwa nzima: "Sharji ni nini?" Neno ni la Kifaransa, sisi tumelinyoosha likawa letu. Sharji ni mzigo: gunia, dumu, mbuzi, chochote kilicho juu ya gari au juu ya kichwa. Mwenye sharji alisimama, akalipa, akapewa jeton ya kuonyesha amelipa, akaendelea mpaka barieri ya pili, ambako jeton ile ilionekana haina maana. Asiye na sharji alipita, kama askari hakuamka na njaa. Nimelisema neno hili mapema kwa sababu ndilo lililomfunga mume wangu.

Neutrino aliipata kwenye redio. Watu wengine walisikiliza redio kujua nani ameteka mji gani. Yeye aliziacha habari za vita zipite, akasubiri zile dakika za mwisho za sayansi, sikio limegusa kibati cha redio, na ole wake atakayekohoa. Siku moja wakasema kwamba huko ng'ambo wataalamu wamejaza maji safi kwenye tangi kubwa kama kanisa, chini kabisa ya mlima, ndani ya mgodi, ili kunasa vichembe vinavyotoka kwenye jua na kupita katika kila kitu. Alirukaruka kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Mimi nilikuwa nachambua maharage.

"Tandaza mukono yako," aliniambia.

"Mukono iko na kazi."

"Tandaza tu kidogo." Nikautandaza. "Sasa hivi, mu kucha yako moja, neutrino zinapita mamiliari. Zinatokaka ku jua. Zinapita mu kucha, mu meza, mu udongo, mu dunia muzima, zinatokea ngambo ingine. Na hausikiake kitu."

"Kama hazifanyake kitu, ju ya nini unaninyima kuchambua?"

Hakusikia. Mwalimu akianza, hana breki. Akanieleza kwamba kitu chochote tunachokiona kigumu, hata jiwe la kusagia, ndani yake ni uwazi mtupu. Chukua harage moja, akalichukua langu, uliweke katikati ya kiwanja cha mpira: hicho ndicho kiini cha atomu. Elektroni ziko huko kwenye magoli. Katikati hakuna kitu. Nikamuuliza, kama ni uwazi mtupu, mbona nikigonga kichwa kwenye mlango ninaumia? Akafurahi sana kuulizwa. Akasema ni kwa sababu ya sharji. Elektroni ina sharji ya umeme, na mlango una zake, na vitu vyenye sharji vinavutana na kusukumana hata kabla ya kugusana. Neutrino haina sharji. Umeme hauioni. Imebaki na nguvu moja tu ya kushikwa nayo, inayoitwa nguvu dhaifu, ambayo mkono wake ni mfupi kiasi kwamba mpaka neutrino ikaribie kabisa kulikanyaga lile harage katikati ya kiwanja ndipo kitu kinatokea. Basi inapita. Ungejenga ukuta wa risasi tupu, yale madini mazito, unene wake mwanga wenyewe uchukue mwaka mzima kuuvuka, bado nusu ya neutrino zingetokea upande wa pili zikiwa nzima.

"Risasi hapa zinajaa," nilimwambia. "Ukuta njo hauko."

Angeishia hapo, mezani, ningekuwa leo naandika kuhusu maharage. Lakini alipeleka neutrino darasani. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu mzuri, alitafuta mfano ambao watoto wanaujua. Aliwaambia elektroni ni lori la ndizi linalotoka Butembo kwenda Beni: lina sharji, linasimamishwa kila mahali, na likifika limechoka. Neutrino ni msafiri mikono mitupu. Haina sharji, kwa hiyo barieri zote haziioni, inapita usiku na mchana, inatoka mbali sana, wala hakuna mkubwa anayeweza kuikamata. Darasa zima lilicheka mpaka prefe wa shule, yaani mkuu wao, akaja kuchungulia dirishani.

Mdomo uliponza kichwa. Kicheko kile kilitoka nje ya shule na wanafunzi, kikapanda baiskeli, kikafika nyumbani kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabia wakubwa mapato ya barieri. Huko kilibadilika sura. Kufikia Beni, neutrino zilikuwa zimeshakuwa watu. Walikuwa ba-neutrino, kundi la watu wadogo wadogo, wasio na upande wowote, neutre kama jina lao linavyosema, wanaotoka nje ya nchi na kupita barieri zote bila kulipa, na mwalimu mmoja wa Butembo ndiye anayewafundisha vijana njia. Askari walikuja kumchukua saa nne asubuhi, chaki ikiwa mkononi. Aliwauliza kama angeweza kumalizia sentensi.

Sasa niseme juu ya hilo neno neutre, maana lilinikera kuliko bunduki. Wakati wa vita vile, mbele ya askari hakuna aliyekubali kuwa neutre. Mbele ya mwenye shida, wote walikuwa neutre. Siku zile za kwanza wageni walijaa nyumbani kwangu. Alikuja prefe, akakaa, akatia sukari kwenye chai, akasema, "Mama, tunaumia pamoja na wewe. Lakini shule iko neutre." Alikuja shemeji yangu kutoka Kayna, akasafiri njia ndefu hiyo yote, nikafikiri sasa damu imeongea. Akanywa vikombe viwili, akatikisa kichwa mbele ya picha ya ndugu yake, akasema, "Muke ya kaka, tuombe Mungu. Miye unajua niko na biashara ku barabara hii, ninapashwa kubakia neutre." Alikuja kiongozi wa shirika letu la parokia na rozari, akatuongoza katika sala nzuri kabisa, na nilipomwomba anisindikize Beni akasema, "Kanisa haiingiake mu politike, mama." Wote walipita nyumbani mwangu bila kugusa kitu, isipokuwa sukari.

Hapo ndipo nilipoielewa fizikia. Mume wangu alikuwa ameniambia neutrino inapita kila kitu, nami nilikuwa nimedhani ni kwa sababu ina nguvu. Kumbe ni kwa sababu hakuna kinachoihusu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wazee walisema, na wazee hawakutaja chai. Nilifunga mlango kwa hasira iliyotikisa bati, nikamwachia jirani watoto, nikachukua gunia la maharage, shati safi la mwalimu na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, nikapanda lori la kwenda Beni. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitafika wanionyeshe viatu vyake bila yeye.

Safari ile ilikuwa somo lingine. Mimi nilikuwa na sharji, na sharji yangu ilionekana kutoka mbali. Kila barieri nilishuka. Kila barieri niliulizwa. Mahali pamoja kijana mmoja aliyevaa kofia ya sufi kwenye jua kali alining'ang'ania kwa Lingala yao ya jeshini: "Mama, tika madesu ya bana." Maana yake, acha maharage ya watoto, na kila Mkongomani anajua kwamba maharage hayo si maharage, ni rushwa. Lakini mimi nilikuwa nimechoka kujua mambo. Nikafungua gunia, nikachota kwa kikombe, nikammiminia maharage kwenye kofia yake.

"Mama, hapana hii madesu," alilalamika.

"Mwana yangu, uliomba maharagi ya batoto. Hii ni ya Musienene, inaivaka mbio. Batoto bako wapi niwapikie?"

Mwenzake alicheka mpaka akakaa chini. Yule kijana alitazama maharage, akatazama kofia, akaona aibu kuyamwaga. Akainua mti. Hiyo ndiyo barieri pekee niliyoipita nikiwa na furaha.

Beni walikuwa wamemweka ndani ya kontena, nyuma ya ofisi zao, bati kwenye jua. Mlinzi hakuniruhusu kukaribia. Nilisimama chini ya mparachichi kwa mbali, nimekumbatia sufuria, nikitafuta dalili yoyote. Ndipo nikasikia sauti yake kupitia matundu waliyotoboa ya hewa. Alikuwa anafundisha. "Donc, basi, harage iko katikati ya kiwanja," alikuwa anasema, "na elektroni ziko wapi?" Sauti ya mzee ikajibu polepole, yenye usingizi, "Ku magoli, mwalimu." Nililia pale pale. Nilijua yuko hai, na nilijua bado ni mpumbavu yule yule, na vyote viwili vilinipa furaha ambayo sijaipata tena tangu siku ile.

Komanda wao alinipokea baada ya kuningojesha mpaka kivuli cha ofisi kikahama. Alivaa kombati juu na kandambili chini, maana miguu ilimvimba. Pembeni alikaa katibu wake na kalamu. Komanda hakuonekana mtu mbaya, na hilo lilinitisha zaidi. Alionekana mtu asiyeelewa, na mwenye bunduki asiyeelewa ni hatari kuliko mbaya.

"Bwana yako nilimuuliza neutrino ni nini," alisema. "Aliniambia mambo mpaka kichwa inaniuma. Sema weye. Inatokaka wapi?"

"Ku jua, mukubwa."

"Ku jua wapi? Ngambo ya Uganda?"

"Jua ya juu, mukubwa. Hii inayotuunguza."

Alitazama dirishani. "Na inapita hapa Beni?"

"Fasi yote. Hata sasa hivi."

"Hata mu bureau hii?"

Mimi na mdomo wangu. "Hata mu mwili yako, mukubwa."

Alijigusa kifua. Katibu naye akajigusa, chini ya meza, akidhani sikumwona. Komanda akauliza kwa sauti ndogo kama ikipita inaona vilivyo ndani. Nikamwambia haioni, haichukui, haiachi. Nilimwona akipumua. Mtu aliyekuwa na mambo mengi ndani, nadhani.

"Nani aliipatia ruhusa?"

"Haiombake, mukubwa."

"Na hakuna mutu anaweza kuikamata?"

Hapo nilipaswa kusema hapana, nikanyamaza, nikaenda nyumbani na mume wangu. Lakini miaka mingi ya kula na mwalimu inaharibu mtu. Nikataka jibu liwe kamili. "Bazungu njo banaikamataka, moja moja," nilisema. "Banatia mayi mingi mu tangi, chini ya mulima."

Chumba kilipoa. "Mayi," alisema komanda.

Nilielewa nimefanya nini. Milimani kote kulikuwa na wapiganaji wa Mayi-Mayi, walionyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate, na hao ndio waliokuwa wakimnyima komanda usingizi. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nikimwambia mume wangu anafundisha juu ya maji yaliyofichwa mlimani, na vitu vinavyopita mwilini bila kumdhuru mtu. Katibu alianza kuandika kwa kasi. Nilimwona mwalimu wangu amekufa, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa ajili ya tangi la wazungu ambalo hata sijui liko nchi gani.

"Donc bwana yako iko Mayi-Mayi."

"Mukubwa, bwana yangu haogeleake hata mu muto Semliki." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Woga ukizidi unatoa maneno yasiyo na mwenyewe.

"Alisema inapita barieri yangu."

"Alisema inapita ju haiko na sharji!" Sasa nilikuwa napiga kelele, na machozi yananitoka. "Njo ile tu! Kitu iko na sharji, inasimama. Kitu haiko na sharji, inapita. Hata baaskari yako banajua ile, banatuulizaka kila siku! Mwalimu, alibeba nini? Chaki!"

Komanda aligeuka kwa katibu. Nadhani alitaka tu kupumzika na sauti yangu. "Huyu mwalimu, tulimuandikia sharji gani?" Maana sharji, kwa watu wa ofisi, ni pia lile kosa unaloshtakiwa.

Katibu alitafuta. Alifungua, akafunga, akatazama dari. "Mukubwa, hakuna mutu aliniambia. Haiko na sharji."

Naapa nilikusudia kukaa kimya. Lakini hasira yangu ina mdomo wake. "Basi, mukubwa," nilisema, "kama haiko na sharji, ju ya nini inasimama hapa?"

Nzi alitua mezani, akaruka. Katibu aliinamia kalamu yake. Halafu tumbo la komanda likaanza kutikisika, kandambili moja ikamtoka mguuni, akacheka kicheko kirefu cha mtu ambaye siku nyingi hakuna aliyethubutu kumchekesha. Alifuta macho. Akaamuru mwalimu afunguliwe. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni serikali, akajikaza, akatoa amri: kuanzia siku ile neutrino ni marufuku katika eneo lake lote. Nikasema ndiyo, mukubwa. Zilikuwa zinampita mabilioni kwa mabilioni wakati akisema, nami nikainamisha kichwa asione uso wangu.

Alitoka kontenani akiwa na ndevu, kioo kimoja cha miwani kimepasuka, ananuka kama kabati la panya. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kofi, nikashindwa kuchagua, nikampa sufuria. Yeye alikuwa amegeuka, anazungumza na giza la mlangoni.

"Muzee, baki muzuri."

"Mwalimu," ile sauti ya mzee ilijibu, "ile kitu inapitaka ukuta, itafika na kwetu Oicha?"

"Inafika, muzee. Hata sasa."

"Basi iwasalimie. Iseme niko."

Mlinzi alifunga mlango. Mume wangu akampa mlinzi sufuria ile ya sombe ampelekee mzee, bila kuniuliza. Njiani akanieleza kwamba mzee alikuwa mkulima wa kakao, amekamatwa barabarani karibu na Oicha, kosa lake hajui na wao hawajui, na kwao hakuna anayejua alipo. Alikuwa mwanafunzi mbaya sana, alisema; alilala kila somo likifika kwenye nguvu dhaifu. Lakini habari ya kupita ukuta aliomba irudiwe kila siku.

Juu ya lori, upepo wa milima ulipoanza kuwa baridi, mume wangu aliniuliza nilimwambia nini komanda. Nikamsimulia. Mtu nimemtoa mdomoni mwa chui, unajua alisema nini?

"Ile ya maji ulieleza vibaya. Hapana maji inakamata. Neutrino inagonga kitu kimoja mu maji, inatoka mwanga kidogo. Mwanga njo banaona."

Nilimwambia kama lori lingepunguza mwendo ningemsukuma. Akacheka, mara ya kwanza. Nikacheka na mimi, nikalia tena, watu juu ya magunia wakatutazama. Baadaye sana nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaa kooni tangu Beni.

"Ule muzee. Salamu yake, neutrino itaibeba?"

"Hapana," alisema. "Haibebake kitu. Njo maana inapita."

"Na weye ulimudanganya."

"Nilimuambia inafika. Yeye njo aliongeza salamu."

Nyumbani wageni walirudi. Prefe akatia sukari, akasema yeye siku zote alijua mambo yatakwenda vizuri. Shemeji akatuma salamu za pongezi kutoka Kayna. Mume wangu alirudi darasani, akafundisha mteremko na kapi, vitu vizito vinavyoonekana, na neutrino hakuitaja tena kwa sababu ilikuwa imekatazwa. Ila asubuhi nilimkuta mara nyingine uani, kiganja wazi juani, amesimama tu. Nikimuuliza anafanya nini anasema, "Ninaziacha zipite." Kila mtu alikuwa ameridhika. Mimi sikulala vizuri. Nilisikia ile sauti yenye usingizi: iseme niko. Nilijiambia hanihusu, mzee wa watu, wa Oicha huko, mimi ni mtu wa Butembo nina watoto. Nilijisikia nikisema hivyo, nikaona kilichobaki ni kutia sukari tu, kama prefe.

Siku ya soko sikwenda Musienene. Nilipanda lori la Beni, na Beni nikapanda jingine la kwenda Oicha, bila gunia, bila kikapu, kikwembe changu tu kiunoni na mikono. Barabarani nilishangaa jinsi ilivyo rahisi. Barieri baada ya barieri askari walinitazama, wakaona hakuna kitu, wakatikisa mkono nipite. Yule wa kofia ya sufi akageuza uso kabisa. Nilikuwa nimekuwa neutrino.

Barieri ya mwisho, Oicha ikionekana na migomba yake, askari alikuwa kijana wa huko huko, nilimjua kwa matamshi. Alizunguka lori, akanitazama, akarudi kuvuta kamba ya mti.

"Mama, weye hauko na sharji. Baki tu kwa gari, munapita."

"Niko nayo," nilisema.

Alitazama mikono yangu. "Iko wapi?"

"Ni salamu. Ya muzee moja wa kakao, wa hapa kwenu. Balimufunga kule Beni." Nikamtajia jina la mzee kama mume wangu alivyonitajia.

Kamba ilimtoka mkononi. Mti uliokuwa umeinuliwa ukaanguka barabarani mbele ya lori, dereva akatukana, na kijana hakusikia.

"Huyo tulishamulilia," alisema. "Mama, matanga tulishamaliza. Unasema iko?"

Nikashuka kwenye lori, nikasimama mbele yake. "Iko," nilimwambia.